Chumba cha jua cha misimu mitatu kando ya bahari: maungio kwanza, vioo baadaye

Chumba cha jua kinapokufa mapema kando ya bahari, ni mara chache kioo ndicho kinachotangulia. Hutangulia skrubu iliyovimba kutu hadi ikapasua rangi, au reli ya dirisha iliyojaa mchanga ikashindwa kumwaga maji, au bati la kinga (linalozuia maji pale paa linapokutana na nyumba) lililogandishwa ukutani kwa silikoni badala ya kuchimbiwa ndani ya ukuta. Kwa hiyo kwa mwenye bajeti ya kiasi nina ushauri mmoja kabla ya yote: punguza ukubwa wa vioo, uongeze ubora wa maungio. Mita mbili za kioo ulizoziacha leo unaweza kuziongeza baadaye. Boliti mbovu zilizofichwa nyuma ya fremu huwezi kuzibadilisha bila kubomoa.

Chumba cha misimu mitatu hutumika majira ya kuchipua, kiangazi na majani yanapopukutika. Baridi ikikaza, kinafungwa. Hakina bomba la joto wala kiyoyozi, fremu zake hazina kizuizi cha joto katikati, na sakafu yake haina godoro la kuzuia baridi. Urahisi wake wote unatoka hapo, na kutokana na hapo kuna sharti lisiloepukika: ukuta wa nje wa nyumba na mlango wake wa nje hubaki mahali pake. Anayebomoa ukuta ule ili sebule "ifunguke" huruhusu hewa ya ndani, yenye joto na unyevu, ifike kwenye fremu baridi. Usiku maji hutiririka juu ya vioo, hujaa kwenye reli, na ukungu mweusi huanza kwenye kona. Kama unataka chumba kilichounganishwa na sebule mwaka mzima, jenga cha misimu minne tangu msingi. Kugeuza kimoja kuwa kingine baadaye hugharimu karibu sawa na kujenga upya.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: chumba chenye urefu wa mita 5 ubavuni mwa nyumba, kikitokeza nje mita 3.

Upepo, kabla ya kuchagua chochote

Msukumo wa upepo kwa paskali ni 0.613 mara kasi ya upepo (mita kwa sekunde) iliyozidishwa yenyewe. Kwa kasi ya mita 40 kwa sekunde, yaani kilomita 144 kwa saa, unapata paskali 981, karibu uzito wa kilo 100 juu ya kila mita ya mraba. Kasi ikiongezeka maradufu, msukumo huongezeka mara nne.

Wengi huogopa upepo utaangusha ukuta wa vioo. Hatari kubwa zaidi ni paa kunyanyuka. Upepo hulinyonya kwa juu, na dirisha moja likivunjika au likiachwa wazi, hewa huingia na kulisukuma kwa chini. Vikijumlishwa, nguvu hizo zinaweza kufika mara moja na nusu ya hesabu ile ya juu. Paa letu lina mita za mraba 15, kwa hiyo nguvu ya kulinyanyua ni karibu kilonyutoni 22, sawa na kuning'iniza tani mbili na robo, ila kuelekea juu. Paa la polikaboneti (plastiki ngumu inayopitisha mwanga) ya milimita 16 lina uzito wa kilo 40 hivi bila fremu. Hata ukiweka kioo cha milimita 10, ambacho kina kilo 25 kwa mita ya mraba, unapata kilo 375 tu. Uzito hautalishikilia paa. Litashikwa na mnyororo wa maungio: karatasi au kioo kwenye boriti, boriti kwenye nguzo, nguzo kwenye msingi, na upande wa pili boriti kwenye ukuta wa nyumba. Pete moja dhaifu inatosha kuliachia lote.

Takriban nusu ya nguvu hiyo, kilonyutoni 11, hushuka kwenye nguzo za mbele. Msingi wa mbele lazima uwe na uzito wa kuishinda. Mkanda wa zege wenye upana wa milimita 300 na kina cha 450 una karibu kilonyutoni 3.2 kwa kila mita, hivyo mita 5 zinakupa 16. Hesabu hii inatosha kukuonyesha kwa nini vibunda vidogo vya zege chini ya kila nguzo, vile vinavyouzwa kwa ajili ya pagola ya bustani, havitoshi hapa. Kasi halisi ya upepo wa eneo lako, pamoja na umbali wa kisheria kutoka kwenye mstari wa bahari, viko kwenye kanuni za ujenzi za mahali ulipo. Mhandisi wa majengo ndiye wa kuvithibitisha, na ada yake ni ndogo kuliko bei ya paa moja.

Msingi na sakafu

Mchanga wa pwani ukiwa mkavu na huru haubebi vizuri. Chimba hadi ufike tabaka gumu, kisha jaza na kushindilia kwa tabaka za milimita 150, si zaidi, kwa sababu mashine ndogo ya kushindilia haifiki chini ya hapo. Mahali ardhi inapoganda wakati wa baridi, msingi ushuke chini ya kina cha kuganda. Mahali mawimbi ya dhoruba yanapoweza kufika, ushuke zaidi, kwa kuwa maji huchota mchanga chini ya zege na kuliacha likielea.

Mchanga wa ufukweni usiingie kwenye zege hata kidogo, wala maji ya bahari. Kloridi ikishafika kwenye nondo, kutu huanza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na zege hupasuka kutoka ndani. Funika nondo kwa milimita 50 za zege, na 75 pale zege linapomwagwa moja kwa moja juu ya udongo. Maji yasizidi lita 22 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, ukihesabu na unyevu uliomo kwenye mchanga. Fundi atalalamika kwamba zege ni gumu kumwaga. Dawa ni kemikali ya kulainisha zege na vaibreta, kamwe si ndoo ya maji ya ziada, kwa sababu maji ya ziada yakikauka huacha vinjia ambavyo chumvi huvitumia.

Kwa jamvi (bamba la zege la sakafu) la milimita 100 pamoja na mkanda kwenye pande tatu utahitaji zege la mita za ujazo 2.7 hivi, na ukiongeza asilimia kumi ya upotevu ni karibu 3. Kwa mifuko 7 hadi 8 kwa kila mita ya ujazo, andaa mifuko 21 hadi 24. Chini ya jamvi tandika nailoni ya maikroni 250, zikipandana milimita 300 kwenye maungio. Mwagilia zege siku 7 mfululizo.

Sakafu iwe chini ya sakafu ya nyumba kwa angalau milimita 100, ikiteremka kuelekea nje sentimita 1 kila sentimita 80. Kwa kina cha mita 3 hiyo ni karibu sentimita 4. Kati ya jamvi jipya na ukuta wa zamani acha nafasi ya milimita 12, uijaze kamba ya povu na silanti laini. Chumba kipya kitatulia ardhini kivyake. Ukikishikamanisha na nyumba kwa plasta, ufa utatokea tu. Kinachobaki kuamuliwa ni kama utatokea pale ulipouandalia mahali au katikati ya ukuta.

Metali

Hapa ndipo nyumba ya pwani inapotofautiana kabisa na nyumba ya bara, na ndipo ninapoomba usikubali kubana pesa.

Fremu ziwe za alumini ya kundi la 6063 au 6061. Rangi ya poda ina madaraja. Chini ya viwango vya AAMA, ambavyo ni vya Marekani, daraja la 2603 ndilo la chini, 2604 ni la kati, na 2605 ndilo la juu. Kwa nyumba inayopokea upepo wa bahari moja kwa moja, dai 2605, au rangi yenye alama ya Qualicoat Seaside, alama ya ubora wa rangi ya alumini iliyoanzia Ulaya. Katika hiyo ya pili alumini huchubuliwa kwa kemikali angalau gramu 2 kwa mita ya mraba kabla ya kupakwa, ili kuondoa ngozi ya juu ambayo ndiyo kutu hupenda kuipitia. Ukipendelea anodaizi (ngozi ngumu inayooteshwa juu ya alumini kwa umeme, badala ya rangi), iwe ya maikroni 25. Omba karatasi ya kiwanda inayoonyesha daraja. Neno la muuzaji kwamba "hii ni ya pwani" halina kipimo.

Rangi nzuri nayo huharibiwa na msumeno. Kila ncha iliyokatwa na kila tundu lililotobolewa baada ya kupakwa ni mlango. Kutu yenye umbo la nyuzi huanzia hapo na kutambaa chini ya rangi kama minyoo. Fremu zikatwe na kutobolewa kiwandani kabla ya rangi kadiri inavyowezekana, na zile ncha za lazima za saiti zipakwe praima na rangi ya kugusia siku ileile.

Skrubu na boliti ziwe za stenlesi daraja la 316. Kichwani zimegongwa alama ya A4, kwa kawaida A4-70. Zile za A2, yaani 304, hung'aa vilevile dukani, ila hazina molibdenamu, na kando ya bahari hutoa madoa ya kahawia mapema, kisha mashimo. Zile za rangi ya dhahabu, zilizopakwa zinki nyembamba, zisikanyage saiti. Hesabu zote pamoja: fremu ya chumba hiki itakula mamia ya skrubu, na tofauti ya bei kati ya A2 na A4 bado itakuwa ndogo ukiilinganisha na chochote kingine kwenye orodha ya manunuzi.

Stenlesi ikigusana na alumini kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa. Skrubu ndogo ya stenlesi kwenye fremu kubwa ya alumini huvumilika, maana mashambulizi husambaa kwenye eneo kubwa, lakini weka washa ya nailoni chini ya kichwa na upake pasta ya kutenganisha metali kwenye nyuzi za skrubu. Kinyume chake ni msiba: ribiti ndogo ya alumini inayoshika bamba kubwa la stenlesi itayeyuka yote. Tenga alumini pia na saruji mbichi, ambayo alkali yake huila, kwa kupaka lami au kuweka ukanda wa plastiki. Itenge na mbao zilizotiwa dawa ya shaba. Na ikiwa nyumba ina gata la shaba juu, lihamishe kabla hujaanza, kwani matone yake yakidondokea alumini huitoboa.

Pale chumba kinapokutana na nyumba

Kabla ya kuchora, pima kimo kutoka sakafu mpya hadi chini ya ukingo wa paa la zamani. Mlango wa mbele unahitaji mita 2.1, boriti juu yake sentimita 15. Paa lenye mwinamo wa digrii 10 hupanda sentimita 53 kwa mita 3. Hapo umefika mita 2.78 bila unene wa paa wala bati la kinga, na nyumba nyingi hazina nafasi hiyo. Ukishuka hadi digrii 5, ambazo ndizo za mwisho kwa polikaboneti, unahitaji sentimita 26 tu, lakini maji yatakwenda polepole na chumvi itabaki juu. Ni afadhali kupunguza kina cha chumba hadi mita 2.5 kuliko kulaza paa.

Boriti ya ukutani ifungwe kwenye muundo wenyewe wa nyumba, si kwenye mbao za urembo au plasta ya nje. Boliti za milimita 12 kila sentimita 40 zinakupa boliti 13 kwa mita 5. Kwenye tofali lenye matundu tumia gundi ya resini pamoja na soksi ya wavu, la sivyo gundi yote inatiririkia ndani ya tundu na boliti hushika hewa. Tundu lipigwe brashi na kupulizwa vumbi mara kadhaa. Vumbi ndilo sababu ya kawaida ya boliti za resini kung'oka.

Juu ya boriti, bati la kinga lipande ukutani angalau milimita 150, kisha bati la pili liingie kwenye mfereji uliokatwa ukutani kwa kina cha milimita 25 na kulifunika la kwanza. Silikoni inayobandikwa juu ya ukingo wa bati huonekana nzuri hadi jua na upepo viichoshe. Ikishaachia, maji huingia nyuma ya boriti, mahali usipoweza kuona. Bati liwe alumini iliyopakwa rangi au stenlesi 316.

Paa

Kwa maoni yangu paa lote la kioo ni kosa kwa chumba kisicho na kiyoyozi. Jua la kiangazi huwa juu, na huingia kwa paa kuliko kwa ukuta. Paneli zenye povu kwa theluthi mbili ya paa, na ukanda wa kuangaza karibu na nyumba ambako mwanga hupungua zaidi, hukupa chumba kinachokalika saa nane mchana. Ukiweka kioo juu, kiwe kile cha tabaka mbili zilizogundishwa na utando, kwa sababu kikivunjika hubaki mahali pake.

Polikaboneti hutanuka milimita 0.065 kwa kila mita kwa kila digrii. Karatasi ya mita 3 inayopitia badiliko la digrii 40 hurefuka karibu milimita 8. Matundu ya skrubu yawe mapana kuliko skrubu kwa milimita 3 au 4, na skrubu isikazwe hadi washa ya mpira ibonyee kupita kiasi. Milio ya kupasuka jioni paa linapopoa hutoka kwenye skrubu zilizokazwa mno, na nyufa hufuata kwenye matundu hayohayo. Upande wenye kinga ya jua, ulioandikwa kwenye nailoni ya kiwandani, uelekee juu. Mifereji ya ndani ifuate mteremko, juu izibwe kwa tepu ya alumini, chini kwa tepu yenye vitundu vya kupumulia. Ukizigeuza tepu hizo, au ukiziba pande zote mbili, mvuke unanaswa ndani na kuota kijani.

Madirisha na maji yanayopanda

Watu hushangaa dirisha jipya linapovuja kwenye dhoruba ilhali mvua ya kawaida halivuji. Upepo husukuma maji juu ya kizingiti. Paskali 981 hunyanyua maji milimita 100. Hata upepo wa mita 25 kwa sekunde, paskali 383, hunyanyua milimita 39. Reli yenye ukingo wa ndani wa milimita 25 basi itamwagikia chumbani, hata kama kila kitu kimefungwa barabara. Muulize muuzaji kimo cha ukingo huo na shinikizo ambalo dirisha lilipimwa maji. Milango ya kuteleza isiyo na kizingiti hupendeza kwenye picha, lakini mahali pake ni upande uliojificha na upepo mkuu. Upande wa bahari weka madirisha yanayofunguka kwa nje kwa bawaba na kubana mpira pande zote. Upepo ukizidi, huyabana zaidi.

Chini ya kila dirisha weka sinia la bati au plastiki ngumu lililokunjwa pande za mwisho, likimwaga nje. Vitundu vya kutolea maji kwenye reli viwe angalau viwili kwa kila fremu, vya milimita 5 kwa 25 hivi. Fundi mwenye haraka huviziba kwa silanti anapomalizia nje, kwa kudhani ni kasoro. Simama naye.

Kioo kikae juu ya vipande viwili vya mpira mgumu, kila kimoja robo ya upana kutoka pembeni, ili ukingo wake wa chini usilowe kwenye maji. Ukingo wa kioo cha tabaka ukilowa muda mrefu, utando hugeuka mweupe na kuanza kuachana. Silanti iwe silikoni isiyo na harufu ya siki. Ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inayochubua metali na kudhuru utando huohuo.

Kwa hewa, weka matundu ya chini upande upepo unakotoka na ya juu kabisa upande wa pili. Wavu wa fibaglasi hudumu kuliko wa alumini, ambao hubanguka na kuwa unga. Soketi ziwe za IP65 (zisizopitisha vumbi wala maji ya kurushwa) au zaidi, zikilindwa na swichi ya kukata umeme unaovuja kwa miliampia 30.

Kuosha

Mvua ni rafiki. Chumvi hula zaidi pale mvua isipofika: chini ya ukingo wa paa, nyuma ya gata, upande wa juu wa fremu uliojificha, kwenye bawaba. Osha sehemu hizo kwa maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni laini kila mwezi ikiwa mawimbi yako karibu, au kila miezi mitatu ikiwa nyumba iko mbali kidogo. Sehemu zinazonyeshewa zinaweza kusubiri. Usitumie mashine ya shinikizo kubwa, kwani hupitisha maji kwenye mipira. Vuta mchanga kwenye reli kwa vakyumu kabla ya kumwaga maji, la sivyo unautengenezea matope vitundu vya kutolea maji. Magurudumu ya milango pulizia silikoni kavu, kamwe si grisi, kwa sababu grisi hushika mchanga na kusaga reli.

Wakati wa kukifunga kwa baridi, toa nyavu na uzihifadhi ndani, futa reli zikauke, na acha tundu moja la juu wazi kidogo ili unyevu wa ndani usigeuke maji kwenye vioo. Kagua boliti za boriti ya ukutani kwa tochi. Doa la kahawia chini ya boliti moja, kwenye safu iliyo safi, mara nyingi ni boliti ya A2 iliyochanganyika na zile za A4. Ichomoe na uibadilishe kabla haijatia doa plasta iliyo chini yake.